Kazi ni ya Wote, Kauli ni ya Nani? Huduma ya Pamoja kwa Waadventista wa Afrika Mashariki

Asubuhi ya Sabato, iwe Same, Tarime, Kasulu au Mbagala, mara nyingi anayesimama mimbarani katika kanisa la Waadventista Wasabato si mchungaji. Ni mwalimu wa sekondari, fundi cherehani, mkulima wa tangawizi au mhasibu. Mchungaji yupo, ila mtaa wake una makanisa matano, kumi, pengine zaidi, ukiacha makundi ambayo hayajafikia kuwa makanisa kamili. Siku hiyo yuko ng'ambo ya mto au juu mlimani. Huku nyuma shule ya Sabato inafunguliwa, lesoni inajadiliwa, sadaka zinakusanywa, wagonjwa wanaombewa, neno linahubiriwa, na ikifika saa saba wali na maharage vinapakuliwa.

Mgeni akiona hali hiyo atasema kuna uhaba wa wachungaji, na hatakuwa amekosea. Lakini uhaba huo umedumu kwa zaidi ya miaka mia moja, na kanisa limejengwa juu yake. Siku hizi viongozi husisitiza kila mshiriki ahusike katika kazi, na wito huo umepewa jina, nembo na fulana. Wenyeji wa vijijini wanaweza kuuliza ni nani aliyekuwa akiifanya kazi hiyo siku zote. Kugawana kazi, kanisa hili la Afrika Mashariki lilishajifunza zamani. Kugawana kauli ni habari nyingine, na matukio mengi ya miaka ya karibuni, ya furaha na ya aibu, yanaeleweka vizuri zaidi ukiyatazama kutoka hapo.

Mwaka 1903 wamisionari wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipanda milima ya Upare na kufungua kituo Giti. Kazi ikasambaa milimani, kisha ikavuka hadi Majita, kando ya Ziwa Victoria. Upande wa Kenya, kilima cha Gendia karibu na Kendu Bay kilipata kituo mwaka 1906, na Mkanada Arthur Carscallen, ambaye vitabu humtaja kama mwanzilishi, hakufika peke yake. Alikuja na Peter Nyambo, kijana wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliyesoma naye chuo Uingereza. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Gendia ilikuwa na Mwafrika mmoja aliyekuja kuhubiri. Jina lake limebaki nyuma ya jina la mwenzake kwa sababu taarifa hazikuandikwa na yeye.

Kisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaja. Waingereza walipoiteka sehemu kubwa ya Tanganyika mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na vituo vikabaki mikononi mwa walimu wa Kiafrika waliokuwa wameandaliwa kufundisha kusoma na kuandika, si kuendesha kanisa. Mmisionari Spencer Maxwell alipotumwa Upare mwaka 1921 alikuta waumini wangali wapo. Kipindi hicho hakisimuliwi sana katika sherehe za kumbukumbu, labda kwa kuwa hakina jengo lililozinduliwa wala picha ya mtu aliyevaa kofia ya jua. Kwangu ndicho kipindi chenye uzito kuliko vyote. Miaka kadhaa bila mchungaji kutoka nje, bila fedha kutoka nje, na kanisa halikufa.

Urithi huo ndio unaofanya kazi hadi leo katika kanisa mahalia. Kila mwaka, au kila baada ya miaka miwili kama kanisa lenyewe litakavyoamua, huundwa kamati ya uchaguzi. Hakuna fomu ya kugombea wala kampeni. Kamati hukaa, huomba, hubishana, huita watu na kuwauliza kama wako tayari, kisha majina husomwa mbele ya kanisa: wazee, mashemasi, karani, mhazini, walimu wa shule ya Sabato, viongozi wa Dorkasi, wa Kaya na Familia, wa Uwakili, wa Huduma Binafsi, wa vijana, wa kwaya. Mtu anaingia ibadani akiwa mshiriki wa kawaida na kutoka akiwa mkuu wa Watafuta Njia, na Jumapili inayofuata anatafuta skafu na kamba za kufundishia mafundo. Hakuna hata mmoja kati yao anayelipwa.

Kanuni ya Kanisa imechora mipaka pia. Mzee wa kanisa anaweza kuongoza Meza ya Bwana. Kubatiza hawezi mpaka apate kibali cha konferensi, ngazi ya utawala inayosimamia mitaa, na kufungisha ndoa ni kazi ya mchungaji aliyewekewa mikono. Mipaka hii ina sababu zake, lakini mchungaji akiwa mmoja kwa makanisa kumi, matokeo yake ni foleni. Watu waliofundishwa na mzee wa kanisa miezi minne, nyumbani kwake, jioni baada ya kazi, wanasubiri ratiba ya mtu ambaye hawamjui ili wazamishwe majini. Wengi husubiri. Baadhi hupoa.

Makambi ndiyo yanayoonyesha huduma ya pamoja ikiwa katika ubora wake. Katikati ya mwaka, mavuno yakishaingia katika sehemu nyingi, makanisa ya mtaa mmoja hukusanyika kwa juma zima, Sabato hadi Sabato. Kamati imeshakaa miezi kadhaa kabla: maji yatatoka wapi, vyoo vichimbwe vingapi, turubai zikodiwe kwa nani, umeme ukikatika jenereta iko kwa nani, wageni walale nyumba zipi. Wanaofika kutoka kanisa la mbali hubeba magodoro na masufuria. Wahubiri hubadilishana, wa mtaa huu akaenda ule, na yule anayehubiri kila wiki kwa majirani zake akapata siku moja ya kusikilizwa na watu wasiojua kuwa anadaiwa dukani. Watoto wana hema lao. Wenye ndoa wana somo lao, na siku ya somo hilo mahudhurio hupanda ghafla.

Ukiacha mahubiri, makambi hufanya kitu ambacho hakuna idara iliyopewa: huwakutanisha watu wa makanisa madogo na kuwafanya wajione ni kanisa moja. Watu ishirini wanaosali chini ya mwembe wakiona wenzao elfu mbili wanaimba wimbo uleule wa Nyimbo za Kristo, wanarudi na kitu. Ndoa ngapi zimeanzia makambini sijui, ila kwaya za vijana hazisafiri bure.

Kasoro yake ipo kwenye sadaka ya makambi. Lengo hupangwa, hugawanywa kwa makanisa, kisha kwa vikundi, kisha kwa kila mshiriki, na siku za mwisho juma la kiroho linaanza kunuka mnada. Watu hawagomi kutoa. Wanalalamika, kwa sauti ya chini wakati wa kufunga mizigo, kwamba lengo lilifika likiwa limeshakatwa.

Hapo tumefika kwenye fedha, na ni lazima tuende taratibu, maana mfumo wa Waadventista huhukumiwa na watu wasioujua. Zaka, fungu la kumi la mapato ya mshiriki, haibaki kanisani. Hupelekwa yote konferensi, na konferensi hupeleka sehemu yake unioni, ngazi inayounganisha konferensi kadhaa, nayo unioni hupeleka juu. Konferensi ndiyo inayomwajiri na kumlipa mchungaji. Faida yake ni kubwa: mchungaji wa kijijini hategemei bakuli la wanakijiji, na tajiri wa mjini hawezi kumnunua wake. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yangetamani utaratibu huo. Hasara yake ni kwamba kanisa mahalia lenye paa linalovuja hutazama zaka yake ikiondoka kila mwezi, halafu huanzisha harambee ya mabati. Mshiriki anabeba mizigo miwili, na mmoja kati ya hiyo miwili hajui uliishia wapi isipokuwa mtu amletee taarifa anayoweza kuisoma.

Mfano mzuri wa ugawaji wa mzigo umetoka mahali pasipotarajiwa. Maranatha, shirika la wajitoleaji lenye makao Marekani, limejenga makanisa mengi Kenya kwa utaratibu uitwao Kanisa la Siku Moja: wao huleta na kusimamisha fremu ya chuma na paa, wenyeji humalizia kuta na sakafu kwa matofali, mawe, udongo au mabati, kwa kadiri ya uwezo wao. Yako majengo ambayo kuta zilichukua miaka. Lakini makubaliano yalijulikana tangu mwanzo, nani analeta nini, na hilo peke yake ni zaidi ya linalopatikana katika miradi mingi ya ndani.

Mwaka 2013 mipaka ya utawala ilichorwa upya. Unioni ya Tanzania iligawanywa mbili, ya Kaskazini makao yake Arusha na ya Kusini makao yake Dar es Salaam, na Kenya nayo ikapata unioni ya Mashariki na ya Magharibi. Hoja ilikuwa kusogeza uongozi karibu na washiriki, na kwa sehemu imefanikiwa: mtu wa Mbeya hupata ofisi kwa urahisi zaidi kuliko baba yake. Ila kila ofisi mpya huhitaji mweka hazina, gari na wakurugenzi wa idara, na hao hulipwa kwa zaka ileile ambayo ingeajiri wachungaji wa mitaa. Ongezeko la viti huzaa pia hamu ya viti.

Nairobi ililiona hilo kwa uchungu. Mzozo kuhusu uongozi na mgawanyo wa Konferensi ya Kenya ya Kati uliendelea kwa muda mrefu, na mwaka 2019 ukafikia mahali polisi walifyatua gesi ya kutoa machozi katika Kanisa la Maxwell siku ya Sabato. Yapo mengi yaliyosemwa kuhusu ukabila na tamaa ya vyeo, na sitaki kuyapuuza. Chini yake kulikuwa na swali la wasomi na wafanyabiashara wa mjini waliokuwa wakitoa fedha nyingi na kuendesha kila idara ya kanisa mahalia, kisha kukuta kwamba katika jambo la nani aongoze, sauti yao huishia mlangoni. Njia waliyoichukua baadhi yao haikubaliki. Swali lao halikufukuzwa na gesi.

Yapo maeneo ambako ushirikiano umezaa matunda bila kelele. Wanafunzi wa Kiadventista na masomo ya Jumamosi ni mojawapo. Uganda, kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Makerere kuhusu mitihani ya siku ya Sabato ilikwenda hadi Mahakama ya Juu na wanafunzi wakashindwa mwaka 2006. Kenya, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2017 kwa upande wa kanisa, katika shauri lililotokana na malalamiko ya wanafunzi wa shule za serikali. Ushindi kama huo hauji kwa kauli ya kiongozi mmoja: wazazi walikubali watoto wao wasumbuliwe, wanafunzi wakastahimili, mawakili wakasimama kwa miaka. Tanzania mambo haya humalizwa zaidi kwa mazungumzo kati ya wazazi, wakuu wa shule na vyama kama TUCASA, umoja wa wanafunzi wa Kiadventista wa vyuo, na kwa kuwa humalizwa kimya hayaandikwi.

Korona nayo ilikuwa kipimo. Kenya ilifunga nyumba za ibada Machi 2020, na zilipofunguliwa Julai sharti likawa watu wasiozidi 100, kwa saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 wala watu wa zaidi ya 58. Wazee wengi wa kanisa wakajikuta nje ya mlango waliozoea kuufungua. Vijana waliokuwa wakisubiri zamu wakaipata ghafla: wakaendesha shule ya Sabato kwenye simu, wakasoma matangazo, wakapokea zaka kwa M-Pesa. Tanzania makanisa hayakufungwa, na zamu hazikubadilika.

Sasa tuje kwenye idadi, jambo linalopendwa na kila taarifa. Mwezi Mei 2016 Rwanda ilifanya mahubiri katika vituo zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja, wengi wa waliohubiri au kuandaa njia wakiwa washiriki wa kawaida, na waliobatizwa walizidi 100,000. Ukiangalia kazi iliyotangulia, mafunzo ya Biblia nyumba kwa nyumba na vikundi vidogo, hutashangaa. Lakini Rwanda hiyohiyo inatukumbusha kwamba wingi si kinga. Aprili 1994 Watutsi walikimbilia kwenye eneo la kanisa na hospitali ya Waadventista huko Mugonero wakiamini kuwa watu wa Mungu wangewalinda, wakauawa huko. Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji aliyekuwa kiongozi wa kanisa katika eneo hilo, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha mwaka 2003. Wachungaji wa Kitutsi waliokuwa wamekimbilia humo walimwandikia barua kumwomba msaada, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao.

Kwa ulimwengu mzima, takwimu za kanisa lenyewe zinaonyesha kwamba tangu 1965 karibu watu wanne katika kila kumi waliojiunga wameondoka. Sisi huku hupenda kudhani hiyo ni habari ya Ulaya. Fungua kitabu cha washiriki cha kanisa lolote la mjini au la kijijini. Kuna majina ya watu waliobatizwa mwishoni mwa efoti, yaani mfululizo wa mahubiri ya hadhara, turubai likakunjwa, mhubiri akapanda basi, na kanisa mwenyeji lililokuwa limechoka kwa wiki tatu za kupika na kubeba viti likalala. Kuna vijana waliohamia Dar es Salaam wakitafuta kazi bila barua ya uhamisho. Barua hiyo lazima iombwe, isomwe kanisani mara mbili, ipigiwe kura, itumwe, isomwe tena mara mbili kule inakokwenda. Utaratibu huu ulitungwa ili mtu asipotee njiani. Kwa kijana anayelala kwa mjomba Tandika na kuhama chumba kila baada ya miezi mitatu, ndio unaompoteza.

Kulea ni kazi ya polepole, na waifanyao zaidi ni wanawake. Dorkasi, kikundi chao cha huduma, ndio wanaojua nani hajaonekana Sabato tatu, nani amejifungua, nyumba gani haina unga. Wao ndio wanaokesha msibani kabla mzee wa kanisa hajapata taarifa. Katika mkutano mkuu wa dunia wa San Antonio, Julai 2015, pendekezo la kuziruhusu divisheni, yaani kanda za kanisa la dunia, ziamue zenyewe kuhusu kuwaweka wakfu wanawake kuwa wachungaji lilikataliwa kwa kura 1,381 dhidi ya 977. Kura ilikuwa ya siri, hivyo hakuna awezaye kusema kila mjumbe alisimama wapi, lakini wajumbe wa Afrika walikuwa sehemu kubwa ya ukumbi na kila mtu alijua kwamba bila wao jambo lolote halipiti.

Mjadala wa Maandiko kuhusu suala hilo siuingii. Ninachotazama ni mambo yaliyokwisha ruhusiwa. Sera za kanisa la dunia zinakubali wanawake kuwa wazee wa kanisa, na mashemasi wa kike kuwekewa mikono. Katika makanisa mengi ya kwetu la kwanza halisikiki kabisa. Hakuna kura iliyolizuia. Kamati ya uchaguzi ikiketi, jina la mama anayefaa kuwa mzee wa kanisa linapelekwa Dorkasi kama maji yanavyokwenda bondeni.

Vijana nao wamepata mlango wa pembeni. Tangu 2013 Siku ya Vijana Duniani, Sabato moja ya mwezi Machi, huwatoa nje kufagia hospitali, kuchangia damu na kutembelea wafungwa. Wenye taaluma wana ATAPE, umoja wa wanataaluma na wajasiriamali wa Kiadventista Tanzania, unaopeleka madaktari, wahandisi na wahubiri mahali ambapo konferensi haijafika. Redio Morning Star na Hope Channel Tanzania zimewapa waimbaji na watangazaji jukwaa linalovuka mipaka ya mtaa. Na nyimbo zimekwenda mbali kuliko utawala wowote: kwaya ya Ambassadors of Christ ya Remera, Kigali, iliimba Kiswahili na kusikilizwa Mwanza na Bujumbura kana kwamba ni ya nyumbani. Mei 2011 walipopata ajali ya barabarani Tanzania na kupoteza wenzao, msiba huo ulikuwa wetu pia, na wala haukuhitaji waraka wa divisheni kutuambia tulie.

Vyombo hivi vya pembeni vina hatari moja ambayo viongozi huitaja kwa haki: vinaweza kuwa kanisa ndani ya kanisa. Dawa yake haiwezi kuwa kuvikaba. Mhandisi aliyejenga daraja la serikali, aliyezoea kuulizwa maoni na kupewa hesabu, hatakaa kimya katika mkutano wa mashauri ya kanisa kwa kuwa tu taarifa ya fedha imesomwa haraka karibu na jua kuzama.

Julai 2025, mjini St. Louis, Erton Köhler kutoka Brazili alichaguliwa kuwa rais wa kanisa la dunia, lenye washiriki zaidi ya milioni 22, akimrithi Ted Wilson aliyekaa miaka kumi na mitano. Kwa washiriki wa Suji kule Upare au wa Kendu Bay mabadiliko hayo yako mbali. Kwa kura za Afrika, sauti yetu katika ukumbi ule imekuwa kubwa kuliko wakati wowote. Nyumbani bado kuna kazi. Mikutano mikuu ya konferensi na unioni hukutanisha wajumbe wa aina mbili, waliotumwa na makanisa na walioingia kwa nyadhifa zao, na anayetaka kujua huduma ya pamoja imefika wapi hana haja ya kusoma kaulimbiu iliyobandikwa ukutani. Achukue orodha ya wajumbe, ahesabu wangapi hulipwa mshahara na ofisi wanayokuja kuichagulia viongozi, wangapi ni wanawake, wangapi wako chini ya miaka 35, kisha aulize kama taarifa ya fedha ilifika mikononi mwao wiki moja kabla au asubuhi ile ile ya kikao.